Shemeji amekuwa msimamizi wa mirathi: je, nyumba ni yake?

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana hapa Morogoro, tulikokuwa tunaishi. Ameacha nyumba yenye hati, shamba kijijini kwao na fedha benki. Kikao cha ukoo kilimteua shemeji kuwa msimamizi. Sasa analeta watu kuiangalia nyumba, anasema ukoo umemkabidhi. Nina watoto watatu. Nifanyeje?
Mjane, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi ni mahakama. Mwombe shemeji akuonyeshe Fomu Na. 4, ndiyo barua ya uteuzi. Kama hana, hana mamlaka ya kuuza hata bati moja.

Kesho nenda Mahakama ya Mwanzo ya eneo mlilokuwa mkiishi, uulize masjala kama kuna shauri la mirathi kwa jina la marehemu. Ulizia na ile ya kijijini kwao. Ndugu wengi hufungua mirathi kijijini ili mjane asisikie tangazo la mahakama kuhusu maombi hayo, ilhali mahakama yenye mamlaka ni ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu alipofariki.

Kama shauri halijafunguliwa, lifungue wewe. Mjane anaruhusiwa kuomba usimamizi. Utajaza Fomu Na. 1 na kuambatanisha cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mahakama nyingi hudai pia muhtasari wa kikao cha familia wenye saini za waliohudhuria. Taja warithi wote, pamoja na watoto aliowazaa nje ya ndoa. Jina lililofichwa ndilo huja kuvunja shauri baadaye. Linganisha majina kwenye cheti cha kifo, hati ya nyumba na kadi ya benki: yakipishana, andaa hati ya kiapo mapema, la sivyo benki itakurudisha.

Kama tangazo limeshatoka na shemeji hajateuliwa, peleka pingamizi la maandishi kabla muda wa tangazo haujaisha.

Na kama ameteuliwa tayari? Hapo usichelewe. Wengi huamini msimamizi hawezi kuuza bila saini ya kila mrithi. Sivyo, mahakama zimeshaamua kuwa ridhaa ya warithi wote si sharti, mradi atende kwa uaminifu. Kwa hiyo fanya mambo mawili kwa pamoja. Weka zuio kwa Msajili wa Hati, kwa kuwa nyumba imesajiliwa. Kisha iandikie mahakama iliyomteua, ukiomba aitwe na kuhojiwa. Ndani ya miezi 4 tangu uteuzi anapaswa kurejesha Fomu Na. 5, yenye mali na madeni yote, na baadaye Fomu Na. 6 ya hesabu za mgawanyo. Omba kuzisoma. Akikaidi au akificha mali, omba uteuzi wake utenguliwe. Msimamizi hukusanya, hulipa madeni na kugawa. Kusimamia hakumfanyi mrithi.

SWALI: Baba yetu anajua kusoma na kuandika, anataka kuacha wosia. Anahitaji mashahidi wangapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwa sheria ya kimila, wasiopungua wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Angekuwa hajui kusoma na kuandika, wangehitajika wanne, wawili wawili. Mashahidi nao wawe wanajua kusoma na kuandika, na asiwepo anayepewa mali humo. Aandike kwa wino, aweke tarehe, asaini mbele yao, nao wasaini papo hapo. Kama mirathi yake itafuata sheria ya Kiislamu, wosia usizidi theluthi moja ya mali, wala usimpe mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Anaweza kuuhifadhi RITA, na awaambie watu wawili anaowaamini mahali ulipo.