Jiwe Limetoa Povu kwa Ndimu: Je, Ni Kabonataiti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shamba upande wa Mbalizi, Mbeya, na kwenye kona yake ya juu kuna mwamba wa kijivu. Dalali mmoja alikuja akaukamulia ndimu, ukatoa povu, akaniambia hiyo ni kabonataiti na ndani yake kuna madini ya thamani. Anataka tuandikishane kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanangu wa kidato cha nne anasema hata jiwe la chokaa hutoa povu. Kabonataiti ni nini hasa, na nitaitambuaje? (Mama wa Mbalizi)

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao amesema kweli. Tafadhali usitie sahihi karatasi yoyote kwa ushahidi wa ndimu.

Povu lile ni hewa ya ukaa, hutoka pale asidi inapogusa kabonati. Utaliona kwenye jiwe la chokaa la Tanga, kwenye matumbawe ya pwani, kwenye mawe yaliyoachwa na chemchemi za maji moto za Songwe huko huko kwenu, na kwenye kabonataiti vilevile. Ndimu inaonyesha kilichomo tu, ilhali mjiolojia akisema kabonataiti anazungumzia jiwe lilivyozaliwa: mwamba uliotokana na magma (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi), ambao zaidi ya nusu yake ni madini ya kabonati, hasa kalsaiti au dolomaiti. Chokaa ya Tanga ilijengeka chini ya bahari, ikiwa na makombe na masalia ya viumbe. Asili ni mbili tofauti kabisa.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1921 na Mnorwe W. C. Brøgger, aliyechunguza miamba ya Fen nchini kwake. Kwa miaka mingi wataalamu wengine walimpinga, wakishikilia kwamba ile ni chokaa ya kawaida iliyonaswa na volkeno. Jibu zito lilitoka kwetu. Mwaka 1960 mjiolojia J. B. Dawson aliikuta lava ya kabonati katika kreta ya Oldoinyo Lengai, na hapo ikawa vigumu kuendelea kukataa. Lava ya Lengai hutoka nyeusi, nyepesi, ikitiririka kwa kasi, kwa nyuzi joto kama 500 hadi 600 tu za Selsiasi, wakati ya basalti, lava ya kawaida ya volkeno, hufika 1,100 na zaidi. Ikishapoa hunyonya unyevu na kugeuka nyeupe. Ni mlima hai pekee unaojulikana duniani kumwaga lava hiyo yenye sodiamu nyingi, na moja ya madini yake makuu linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Natamani kila mtoto wa shule Tanzania alijue hilo.

Sasa turudi shambani kwako. Dalali hakubuni kila kitu: Kilima cha Panda, karibu na hapo, ni kabonataiti ya kweli, na kina niobiamu, madini ya kuimarisha chuma cha pua na vyuma vingine. Lakini kuwa jirani na Panda hakuufanyi mwamba wako uwe Panda.

Mwambie kijana avunje kipande apate sura mbichi ya ndani, maana ganda la nje hudanganya. Akiona kombe au kisukuku (masalia yaliyogeuka jiwe) cha kiumbe cha baharini, hiyo ni chokaa, maneno yamekwisha. Asipoona, asage kipande kiwe unga, aupitishie sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Punje nyeusi zikinata, huenda ni magnetaiti, madini ya chuma ambayo ni rafiki wa kabonataiti. Atazame pia kwa lenzi punje ndogo za kijani hafifu zisizotoa povu; yaweza kuwa apataiti, madini ya fosfeti. Vipande vya ulanga mweusi au wa kahawia navyo ni dalili nzuri. Hata vyote vikipatikana pamoja, bado ni dalili tu. Na kama povu ni hafifu, asikate tamaa: dolomaiti huchelewa kutoa povu mpaka isagwe.

Udongo nao autazame. Mvua ikishaiyeyusha kabonati kwa muda mrefu, hubaki udongo mwekundu usiotoa povu hata kidogo, na madini mazito hujikusanya humo. Ndivyo ilivyo Sukulu, Uganda, penye fosfeti, na Mrima, Kwale, nchini Kenya.

Huko Tororo, Uganda, kabonataiti imechimbwa kwa ajili ya saruji na watu huiita chokaa tu. Kwa kazi ya saruji si kosa, kwani kinachotakiwa ni kalsiamu. Kwa mkataba wa madini ni kosa kubwa.

Peleka sampuli maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, uombe kipimo cha niobiamu, fosfeti na madini adimu. Ukumbuke pia kwamba hati ya shamba haikupi haki ya madini yaliyo chini yake. Leseni hutolewa na Tume ya Madini. Kabla ya kuandikishana na mtu yeyote, fika ofisi yao ya Mbeya uulize kama eneo hilo lina leseni ya mtu mwingine tayari. Dalali mwenye nia njema atakusubiri.