Mwaka wa kwaya hauanzi Januari

Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nikabidhiwe kwaya ya parokia yetu ya Kikatoliki hapa Eastlands, Nairobi. Jumamosi moja ya Februari niliwafundisha wimbo wa mwanzo wenye kayamba, ngoma na vigelegele, na uliwaingia haraka, hata sauti ya tatu ambao kwa kawaida hunipa kazi. Tulipomaliza, mzee mmoja wa besi, yule akaaye siku zote mwisho wa benchi karibu na dirisha, akainua mkono.

"Mwalimu," alisema, ingawa mimi ni rika la wajukuu wake, "wimbo ni mtamu kweli. Lakini kesho ni Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Tunauimba kesho kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeuchagua kwa sababu ulikuwa mtamu, basi. Baada ya mazoezi aliniita kando, akanifungulia daftari lake. Lilikuwa limevikwa jalada la gazeti, na kurasa zake zimekatwa pembeni ngazi kwa ngazi, kila ngazi na herufi yake: M ya Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli, N ya Noeli, K ya Kwaresima, P ya Pasaka, na mwisho KK, Kipindi cha Kawaida. Chini ya kila jina la wimbo kulikuwa na solfa, yaani noti za do-re-mi, ya besi peke yake kwa kalamu ya bluu, na kando yake, kwa penseli, tarehe ulizoimbwa. Kuna nyimbo zilizokuwa na tarehe tatu tu katika miaka ishirini, nazo alizijua kwa moyo.

Kama umekabidhiwa kwaya mwaka huu, ushauri wangu wa kwanza ni huo wa mzee: kabla ya kuuliza wimbo upi ni mzuri, uliza kesho ni siku gani.

Kazi hii ianze kwenye kalenda. Mwaka wa Kanisa huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, ile iliyo karibu zaidi na Novemba 30. Mimi huchukua karatasi kubwa ya manila, na tarehe ya kwanza kuiandika ni ya Pasaka, kwa sababu ndiyo inayovuta nyingine zote. Pasaka inaweza kuangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2025 ilikuwa Aprili 20. Mwaka 2027 ni Machi 28, kwa hiyo Jumatano ya Majivu ni Februari 10. Ukitoa Jumapili za Noeli, unabaki na mwezi mmoja tu kati ya Ubatizo wa Bwana na majivu. Mwalimu asiyeliona hilo mapema atajikuta anafundisha nyimbo za Kwaresima wakati watu wamekwisha kupakwa majivu.

Majilio niliyakosea kwa miaka miwili. Kwa kuwa wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili hizo na padri anavaa zambarau, niliyafanya kuwa Kwaresima ndogo, nyimbo nzito za kujuta mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Majilio ni kungoja, na anayengoja mgeni anayempenda haimbi kama aliyefiwa. Mpaka Desemba 16 masomo yanatazama zaidi ujio wa Bwana mwisho wa nyakati; kuanzia Desemba 17 yanageukia kuzaliwa kwake. Nyimbo nazo zigeuke hivyo. Kinanda kipigwe kwa kiasi. Na nyimbo za Noeli zisubiri, hata kama maduka makubwa ya mjini yamezipiga tangu Novemba. Mtu aliyeimba kuzaliwa kwa Yesu wiki nne mfululizo ataimba nini usiku wa Noeli?

Usiku huo una shida yake ya Nairobi, nayo haiandikwi katika kitabu chochote cha liturujia: watu wameenda ushago, kijijini kwao. Ikifika Desemba 20 hivi, kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus hakitoshi kwa abiria na mizigo, na katika umati huo wamo waimbaji wako. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nimefundisha wimbo wa sauti nne wenye besi inayojitegemea kurasa mbili nzima. Usiku wenyewe besi alikuwa mmoja. Aliimba peke yake, kwa uaminifu mkubwa, na mimi nilimwonea huruma kwa kosa ambalo lilikuwa langu. Siku hizi, katikati ya Novemba, nauliza waziwazi ni nani atakuwepo Desemba 24 usiku, nayaandika majina, kisha nachagua nyimbo kulingana na waliopo. Wakiwa kumi na wawili, sauti mbili zilizoshikana zinatosha. Wanafunzi wa shule za bweni wako nyumbani wakati huo, na wengi wao wameisoma solfa kwenye mashindano ya muziki ya shule. Waalike. Usimwambie kijana kwamba hana sare.

Kwaresima ndiyo shule ya kwaya. Kanuni ni kwamba vyombo hupigwa ili kusaidia sauti tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Kwaya nyingi hulalamika. Sisi pia tulilalamika, kisha tukagundua kwamba kinanda kilikuwa kimetuficha mengi. Tulipoimba bila chombo tulianza wimbo kwenye F na kuumaliza karibu na E, na hakuna aliyesikia mpaka nilipogusa kinanda mwishoni. Sauti hushuka hasa pale noti moja inaporudiwa mara nyingi, kila mara ikiguswa chini kidogo, na pale watu wanapoishiwa pumzi kabla ya mwisho wa mstari. Tulichofanya ni hiki: solfa kwanza bila maneno, taratibu, waimbaji wamesimama, nasimamisha katikati ya wimbo na kuuliza kila sauti inipe do. Wiki ya tatu walikuwa wanajisahihisha wenyewe kwa macho.

Wapo wanaosema kunyamazisha ngoma ni kuukataa Uafrika wetu. Naielewa hofu hiyo. Lakini hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, iliyotolewa Desemba 4, 1963, siku nane kabla ya Kenya kupata uhuru, ndiyo iliyotaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Ngoma yetu iko kanisani kwa haki. Tunaiweka chini siku hizo ili irudipo usiku wa Pasaka kila mtu asikie kwamba imerudi.

Ushauri wangu mkubwa kuliko wote uko hapo. Kama una nguvu za kuandaa ibada moja tu vizuri mwaka mzima, iwe Mkesha wa Pasaka. Walimu wengi hutumia jasho lao kwenye wimbo wa komunyo na wa mwisho, na kuziacha zaburi zijisimamie. Mkesha una masomo tisa, saba ya Agano la Kale, na kila somo hilo lina zaburi au wimbo wake. Padri anaweza kupunguza masomo, lakini lile la Kutoka, la kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Somo lenyewe linaishia pale Musa na wana wa Israeli wanapoanza kumwimbia Bwana, na kwaya inapaswa kuudaka wimbo huo papo hapo. Mwaka mmoja msomaji alimaliza, nasi tukaanza kupekua karatasi gizani, tukitafuta mwanga wa simu. Huko upande wa pili wa bahari watu walikuwa wamekwisha kuokoka, na sisi tulikuwa hatujafungua mdomo. Tangu hapo mwimbishaji wa zaburi hiyo husimama mahali pake kabla somo halijaisha, na kiitikio hakiandikwi popote, kinashikwa kwa moyo.

Kagua pia kinanda kabla ya Utukufu. Kengele hunyamaza baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu, na husikika tena kwenye Utukufu wa Mkesha, taa zote zikiwaka. Ni sekunde ambazo huwezi kuzirudia. Wakati mmoja kijana wetu wa kinanda alikuwa ameacha kitufe cha kupandisha ufunguo mahali pa wimbo mwingine, na sauti ya kwanza wakaupanda Utukufu huo juu mno hadi nusu yao wakanyamaza. Sasa anakagua kitufe hicho mapema, kabla ya Utukufu. Baada ya waraka, somo la mtume linalofuata Utukufu, padri anaanzisha Aleluya mara tatu, kila mara akipanda kidogo, nasi tunaitikia. Kinanda kimngoje yeye, kisimvute. Mahali alipoishia ndipo zaburi ya 118 inapoanzia, na kama ni juu sana, mwimbishaji aichukue chini bila kuona haya.

Kisha msichoke. Pasaka ni siku hamsini, na mara nyingi Jumapili ya pili kwaya inasikika kama iliyomaliza kazi. Weka wimbo mmoja wenye nguvu kwa ajili ya Pentekoste, na wimbo wa Roho Mtakatifu unaotangulia Aleluya siku hiyo ufundishwe mapema, maana ni wa lazima. Kwa maandamano ya sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo tafuta nyimbo za kiongozi na kiitikio. Hakuna anayesoma karatasi akitembea barabarani.

Kipindi cha Kawaida ni majuma 33 au 34, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa hili: tumia muziki mmoja wa Misa, kuanzia wimbo wa "Bwana utuhurumie" mpaka ule wa "Mwanakondoo", miezi kadhaa bila kubadilisha, ili mama aliyeketi kiti cha nyuma aimbe nanyi.

Kalenda ya 2027 nimekwisha kuibandika ukutani. Mazoezi ya kwanza ya zaburi za Mkesha ni Jumamosi Januari 16, saa nane mchana, na tutaanza na ile ya kuvuka bahari.