Kingamwili ya Kit pekee haitoshi kuzitambua seli tangulizi za rangi

Swali: Ninasomea uzamili. Nilichukua viinitete vya panya vya siku 12.5, nikavisambaratisha vizima kuwa seli mojamoja, kisha, nikitafuta seli tangulizi za rangi, nikatenga kwa mashine zenye Kit (protini ya juu ya seli) kwa kutumia kingamwili yake. Nilipozikuza, ni chache tu zilizotoa rangi. Nilikosea wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, mashine yako haina kosa, tatizo ni alama uliyoitegemea na mahali ulipozitoa seli. Melanoblasti, yaani seli tangulizi za rangi zinazotoka kwenye kishungi cha neva (kundi la seli za kiinitete lililo kando ya chanzo cha uti wa mgongo) na kusafiri chini ya ngozi, katika umri huo bado hazina melanini, yaani rangi yenyewe, ya kuonekana kwa darubini, kwa hiyo hutambuliwa kwa protini zake. Kit hupendwa kwa sababu imekaa juu ya seli na kingamwili huishika seli ikiwa ingali hai. Lakini seli tangulizi za damu nazo zinayo, na katika siku ya 12.5 ini la kiinitete limejaa hizo. Kwa kusambaratisha kiinitete kizima, ulikusanya damu zaidi ya rangi.

Hata hizo chache zilizotoa rangi nazitilia shaka. Tabaka la rangi la jicho halitokani na kishungi cha neva bali na kikombe cha jicho, nalo huanza kuwa jeusi mapema. Chembe zake chache zikipenya kwenye mchujo, utadhani umefaulu.

Safari ijayo kata kichwa, toa viungo vya ndani, ubaki na ngozi ya kiwiliwili. Kutenganisha seli, tumia kimeng'enya cha kolajenesi badala ya tripsini kali, ambayo huweza kukata protini za juu ya seli, Kit ikiwemo. Chuja kwa wavu wa mikromita 40, weka kila kitu kwenye barafu, kisha paka kingamwili za Kit na CD45 (alama ya seli za damu) pamoja na rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu. Chukua hai zenye Kit zisizo na CD45, na usisahau sampuli isiyopakwa kitu, kwani bila hiyo mpaka wa kutenga seli zenye alama na zisizo nayo utakuwa wa kubahatisha.

Sehemu ya seli hizo ipime jeni tatu zinazofanya kazi kwenye melanoblasti, Dct, Mitf na Sox10, kwa pamoja. Kila moja peke yake hudanganya: Mitf imo kwenye seli za masti (aina ya seli za kinga), Sox10 kwenye seli zinazofunika neva, na Dct kwenye jicho. Sehemu nyingine ikuze penye protini za kuchochea ukuaji, SCF na endothelini 3, uipe siku za kutosha kutoa rangi.

Mwenzako akirudia jaribio kwa panya weupe wa BALB/c, asingojee rangi: tirosinasi yao, kimeng'enya cha kutengeneza melanini, ina hitilafu, ingawa melanoblasti wanazo. Kwake, jeni hizo tatu ndizo zitakazotoa jibu.