Kampuni mbili si njia mbili

Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya ajira, na steshenari yangu hapa Mtwara mjini ilifurika vijana. Laini zangu mbili za intaneti, za kampuni mbili tofauti, zikakata dakika ile ile. Mama mmoja aliyemleta binti yake kutoka Nanguruwe akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, si ulisema unazo mbili?" Sikuwa na jibu.

Laini ya pili nilikuwa nailipia kila mwezi kama bima. Baadaye fundi wao akanipasulia jipu: waya wao unaishia hapa mjini, na kuanzia hapo wanakodi nafasi kwenye mkongo ule ule wanaoutumia wenzao. Kumbe nilikata tiketi za mabasi mawili yanayopita barabara moja. Na sisi watu wa Kusini hilo tunalijua vizuri. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, kuhamia basi jingine hakukusaidia kitu. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea. Tarehe 12 mwezi huo huo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom nayo ikakatika upande wa Afrika Kusini, mtandao ukawa wa kubahatisha nchi nzima.

Kabla hujanunua laini ya akiba, elewa kidogo pakiti zako, yaani vipande vidogo vya data unayotuma na kupokea, zinavyopata njia. Intaneti ni mitandao maelfu kwa maelfu, kila mmoja na namba yake. Huku Afrika namba hizo hutolewa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Protokoli, yaani kanuni ya mawasiliano, inayoiunganisha huitwa BGP. Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora mwaka 1989 kwenye karatasi za kufutia mikono wakiwa mezani wanakula, na toleo lake la nne ndilo tunalotumia hadi leo. Kila mtandao humtangazia jirani: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu. Jirani anaongeza namba yake, anampasia wa pili, na wa pili wa tatu.

Ruta, kifaa kinachozielekeza pakiti, ikisikia matangazo mawili ya sehemu moja, wengi hudhani itachagua njia ya haraka. Wapi! Kwanza inatii agizo la mwenye mtandao, na agizo hilo mara nyingi ni la mfukoni: njia ya mteja anayenilipa inatangulia, ya jirani tunayebadilishana bure inafuata, ya ninayemlipa mimi inakuwa ya mwisho. Maagizo yakilingana ndipo inahesabu mitandao ya kupitia. Kilomita haizijui, foleni haiioni.

Ndiyo maana nakushauri ujifunze amri moja tu, tracert, inayokuonyesha ruta moja baada ya nyingine ambazo pakiti yako inapitia. Fungua kile kidirisha cheusi cha Windows, iandike, kisha jina la tovuti unayoitumia sana. Kuna siku niliifuata tovuti iliyopo Dar es Salaam. Mistari ya mwanzo ilisoma milisekunde 10, 14, 17, halafu ghafla 160, na jina la ruta lilikuwa na London ndani yake. Pakiti ya kwenda Dar ilikuwa imepanda hadi Ulaya ndipo irudi, kwa sababu kampuni mbili zilikuwa hazijakubaliana kupeana njia nyumbani, wakati hapo Dar kuna TIX, sehemu ya kubadilishana iliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Ukiona nyota badala ya namba usishtuke, baadhi ya ruta hazipendi kujibu. Kumbuka pia kwamba unaona njia ya kwenda tu. Ya kurudi inaweza kuwa nyingine kabisa.

Tovuti moja ikipotea na nyingine zinafunguka, acha kuzima na kuwasha ruta yako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilijiondolea matangazo yake yenyewe ya njia, yale ya BGP, ikapotea saa sita hivi, na hakuna ruta ya Mtwara iliyohusika.

Laini zikikatika, fanya tracert kwa kila moja na ulinganishe zinakoishia. Muuzaji akija, muulize: kutoka hapa hadi Dar mnapita kwa nani? Akijibu "sisi tuna kasi, bosi", omba namba ya fundi. Mimi fundi wa laini yangu mpya alinitajia Songea bila kusita. Ni ghali kidogo, na inachelewa milisekunde kadhaa, lakini fomu ya ajira haijui milisekunde.