Barua kwa mwanangu: Joka halipandi mkonge

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Korogwe. Mama yako hajambo, ila goti lake limeanza kututabiria masika. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu: mara mbili kwa ajili ya swali, na mara ya tatu kwa ajili ya kucheka tu, maana katikati unasikika ukimbana kondakta akurudishie chenji yako.

Umeuliza hivi: katika zile hadithi za Westeros, Aegon Targaryen na dada zake wawili walikuwa na majoka matatu, na hakuna jeshi lililoyaweza. Kwa nini basi wakaelekea magharibi kuiteka Westeros, wakati Valyria, nchi ya mababu zao, imelala magofu upande wa pili? Wangegeukia huko, wasingeifufua ile dola? Ukaongeza kwamba mumeo anasema wangeifufua bila shida. Msalimie sana mkwe wangu. Mwambie baba mkwe amekataa.

Vile vitabu vya George R. R. Martin ulivyoniachia ulipokuja likizo nimevimaliza, pamoja na kile kinene cha historia ya ukoo wao. Na wewe unanijua, mimi ni karani wa stoo. Mtu akiniambia atafufua kitu, kwanza nataka kuona orodha ya vilivyokuwemo.

Haya, Valyria ilikuwa na nini? Majoka, ndiyo. Koo arobaini za wapanda majoka, na Targaryen hawakuwa hata miongoni mwa zile nzito. Walipopigana na watu wa mto Rhoyne, Mwanamfalme Garin aliwajia na watu 250,000, wao wakamshushia majoka 300. Aegon alikuwa na matatu. Lakini tuache hesabu ya majoka, maana hapo ndipo mumeo anapojikwaa. Chini ya ile milima kumi na minne ya moto kulikuwa na migodi ya dhahabu na fedha, na migodini kulikuwa na watumwa. Wakifa wanaletwa wengine, na wengine hao wanapatikana vitani. Kulikuwa na wachawi. Kulikuwa na mafundi wa chuma ambacho baada yao hakuna aliyejua tena kukitengeneza. Joka lilikuwa mlinzi wa mali hiyo, mwanangu. Mali yenyewe ilikuwa ardhini, na mikononi na vichwani mwa watu.

Siku ya Maangamizi milima yote kumi na minne ilipasuka kwa mpigo. Vikaenda vyote: migodi, mafundi, watumwa, koo zile nyingine na majoka yao. Targaryen walipona kwa sababu ya ndoto ya binti mmoja, Daenys. Baba yake, Aenar, aliamini ndoto ya mwanawe, akauza alichoweza, akahamia kisiwa cha Dragonstone miaka 12 kabla ya balaa, huku wenzake wakimwona mwoga. Alikwenda na majoka matano. Manne yakafa, likabaki Balerion. Vhagar na Meraxes walianguliwa hukohuko kisiwani. Kwa hiyo Aegon alizaliwa ugenini, mzao wa wahamiaji. Hakuna hata mtu mmoja nyumbani kwao aliyewahi kuiona Valyria ikifanya kazi.

Hapa nikukumbushe ya kwetu, ingawa wakati ule ulikuwa mdogo. Unaijua ile estate ya mkonge niliyokuwa nikifanya kazi, iliyolala miaka mingi. Katika miaka ya sitini nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na mengine unayajua. Mwishoni mwa miaka ya tisini akaja bwana mmoja mwenye fedha zake, akainunua. Alipenda sana korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa singa, yaani nyuzi. Alileta fundi kutoka nje, akabadilisha beringi, akapaka rangi ya kijani, injini mpya kabisa. Siku ya kuiwasha tulisimama wote uani. Ilinguruma mpaka mabati ya stoo yakatetemeka, na mimi nilipiga makofi kama wenzangu, nisiwe mwongo.

Siku ya nne ikanyamaza. Majani yalikuwa yamekwisha. Mkonge uliokuwa shambani ulishatoa milingoti, ile miti mirefu ya maua, na mkonge ukitoa mlingoti umemaliza kazi yake duniani. Mpya ukiupanda, unasubiri kama miaka mitatu kabla ya kuukata mara ya kwanza. Reli za matroli zilikuwa zimeng'olewa zamani na wauza vyuma chakavu. Mfereji ulijaa mchanga, na korona bila maji haitoi singa, inatoa uchafu. Kambi zilikuwa tupu. Yule bwana alinijia stoo akaniuliza, "Karani, watu wako wapi?" Nikamwambia wengine wako Tanga mjini wanauza mitumba, na wengine wako makaburini. Akaondoka kabla mkonge mpya haujafika kiunoni.

Sasa soma tena habari za Aurion. Huyu alikuwa mpanda joka, na siku ya Maangamizi alikuwa mbali, mji wa Qohor, ndiyo maana alipona. Akajitangaza mfalme mkuu wa Valyria, akakusanya watu 30,000, akapanda joka lake akaenda kudai urithi. Hakuonekana tena, yeye wala joka wala askari hata mmoja. Na Aerea, yule binti wa ukoo wa Targaryen aliyetoroka na Balerion? Joka lilimpeleka lilikotaka lenyewe, na wanaosimulia wanaamini ni Valyria. Alirudi akiungua kwa ndani, na vitu vikitambaa chini ya ngozi yake. Sehemu hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kuota jua. Lakini tazama Balerion mwenyewe: joka kubwa kuliko yote duniani lilirudi na majeraha mwilini. Huko hakukuwa tena na nchi ya kutawala.

Mumeo atasema, sawa, aiache Valyria yenyewe, achukue makoloni yake, ile Miji Huru. Hapo ana hoja kidogo, maana watu wa Volantis, mmojawapo wa miji hiyo, walijaribu jambo hilohilo. Katika ile Karne ya Damu, ya vita vilivyofuata Maangamizi, walijiona ndio warithi halali, wakaanza kuwameza wenzao. Na unakumbuka nani alikwenda mji wa Lys na Balerion akaziteketeza meli zao? Aegon. Kijana mwenye damu ya Valyria aliwachoma wale pekee waliokuwa wakijaribu kuisimamisha Valyria, kisha akarudi zake nyumbani. Mimi hapo nasoma mtu aliyekwisha kupiga hesabu.

Maana angewarudishaje wale watu? Mji wa Braavos ulianzishwa na watumwa waliotoroka. Babu yako, baba yangu mimi, alikuja Tanga kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba anayejulikana kwa namba. Namba yake aliikumbuka mpaka anakufa. Akiumwa homa alikuwa akiitaja usingizini. Alipopata kishamba chake, waliwahi kumfuata mara mbili arudi kambini kwa mshahara mzuri zaidi. Aliwakaribisha uji, akawasindikiza mpaka barabarani. Joka lingeweza kumchoma babu yako na nyumba yake, hilo silibishi. Kumfanya aamke saa kumi alfajiri akakate majani ni kazi nyingine.

Ndiyo maana Westeros ilikuwa chaguo la mtu mwenye akili. Aliikuta estate inayofanya kazi. Alichoma pale alipokataliwa, kwenye vita vya Uwanja wa Moto watu kama 4,000 waliungua, lakini aliyepiga goti alirudishiwa ardhi yake, mvua na jua zikaendelea kama zamani. Akapakwa mafuta na kuhani mkuu wa dini ya wenyeji, siyo ya Valyria. Hakujenga Valyria ya pili hata kidogo. Na walipokwenda Dorne, kusini mwa Westeros, ambako wenyeji hawakutaka kupigana uwanjani, wakawa wanazikuta ngome tupu, watu wamepotelea mchangani. Utachoma nini? Huko ndiko Meraxes alikopigwa mshale wa chuma jichoni, akaanguka na Rhaenys, dada mmoja wa Aegon, mgongoni.

Hata Daenerys, mzao wa Aegon ambaye najua unampenda, sikiliza kisa chake kule mji wa Meereen alioutwaa. Ana majoka matatu, na usiku watu wake wanachinjwa vichochoroni. Kisha anakuja mzee mmoja na gunia, anamimina mbele yake mifupa ya bintiye aliyeliwa na joka. Malkia anaishia kuyafungia majoka mawili shimoni, na la tatu halishikiki. Majoka hayakumsaidia kuuendesha mji hata wiki moja.

Kama mumeo hapendi ushahidi wa hadithi, mpe wa kweli. Mfalme Justinian wa Constantinople alitaka kuirudisha Roma mikononi mwa dola ya Kirumi, na jemadari wake Belisarius aliingia mjini mwaka 536. Mwaka uliofuata Wagothi, waliokuwa wakiitawala Italia, wakauzingira, wakaikata mifereji mirefu iliyoleta maji kutoka milimani. Vita viliburuzwa mpaka mwaka 554. Justinian alikufa mwaka 565, na miaka mitatu baadaye Walombardi wakaingia Italia wakachukua sehemu kubwa. Nilipofika kwenye ile mifereji nilimkumbuka yule bwana wa korona.

Nimeandika mengi, na chai imepoa. Wiki iliyopita nilipita kule estate kuangalia mbao. Korona bado ipo, ile rangi ya kijani imebaki kwa chini tu. Mlinzi aliniambia nisiweke mkono ndani, kuku wake ameatamia.

Wasalimie watoto. Mama yako anauliza kama ule unga ulifika.

Ni mimi baba yako.