Kitabu Kwanza, Mkasi Baadaye: Kwa Mnaoanza Kazi za Mikono Hapa Kigoma

Wengi wanaoanza kazi hii ya kutengeneza pochi, mikoba na bangili zinazotokana na riwaya hapa kwetu huanzia sokoni. Mtu ananunua kitenge kizuri, anashona pochi, halafu ndipo anatafuta jina la riwaya la kuibandikia. Nawaomba mgeuze mpangilio huo. Riwaya itangulie, tena isomwe mara mbili. Mara ya kwanza isome kwa raha yako kama msomaji yeyote. Mara ya pili kaa na daftari, uandike kila kinachoshikika humo ndani: nguo, chombo, kamba, gunia, rangi ya ukuta, kinachopikwa, kinachobebwa kichwani, kinachofichwa chini ya kitanda. Daftari hilo ndilo litakalokulisha kuliko cherehani.

Nasema hivi kwa sababu mkoba ulioandikwa jina la kitabu kwa herufi kubwa unaweza kutolewa na duka lolote la kuchapa fulana. Kinachotoka ndani ya hadithi yenyewe hakiwezi kutengenezwa na mtu ambaye hajaisoma. Hapo ndipo ulipo mtaji wenu, ninyi ambao hamna mashine kubwa wala fremu ya barabarani.

Chukueni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Wengi wakiisikia wanawaza nchi iliyo angani, basi wanakimbilia kushona mawingu. Isomeni tena. Karama anasimama mbele ya baraza kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alirudi na mambo ya kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia gerezani. Kwa fundi hiyo ni seti ya bangili sita, na huna haja ya kutafuta zaidi. Kila bangili ina kitenge chake na rangi yake, kwa kuwa kila safari ilikuwa ya upande wake, lakini zote zinafungwa kwa kishikizo kimoja cheusi kisichobadilika. Aliyesoma akizishika anaelewa bila kuambiwa. Asiyesoma anapata bangili nzuri, na siku moja atauliza kwa nini vishikizo vyote ni vyeusi. Hapo unamsimulia, na mara nyingi anaondoka akitaka kujua kitabu kinapatikana wapi. Mimi hufurahia swali hilo kuliko mauzo yenyewe.

Au Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979. Ni hadithi ya wapagazi wa bandari ya Unguja, na nyuma yake kuna mgomo wa kweli wa mwaka 1948. Ukiisoma kwa macho ya fundi utaona gunia kila mahali: begani, mgongoni, kwenye rundo. Sasa tazama ulipo. Sisi tuna bandari yetu, tuna wapagazi wetu Kibirizi wanaoshusha mizigo ya maboti kutoka Kongo, na milima ya Buhigwe na Kasulu inalima kahawa inayofungwa kwenye magunia ya juti. Mkoba wa begani wa gunia la kahawa, wenye mkanda mpana pale mzigo unapokaa, unabeba kitabu hicho vizuri kabisa. Mkanda usiufanye mwembamba kwa ajili ya urembo. Bega ndilo kiini cha hadithi ile, na bega la mteja nalo litakushukuru.

Gunia lina tabia zake, hivyo niseme kidogo. Lifue, lianike juani mpaka likauke kabisa, kisha lipige pasi likiwa na unyevu kidogo wa kunyunyiza. Kabla hujakata, paka gundi nyeupe kwenye mstari wa kukatia, iache ikauke, ndipo upitishe mkasi katikati ya gundi. Bila hivyo nyuzi zitafumuka mikononi mwako. Ndani weka bitana ya pamba iliyofumwa kwa kubana, kwa sababu juti hudondosha vumbi la nyuzi, na hakuna mteja anayetaka kulikuta kwenye simu yake.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote kwa kazi hii ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kile cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na baadaye akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Ni kinene, na mtu mwenye haraka atakichoka. Lakini fundi atakuta humo kilimo, uvuvi, ndoa, uganga, na pombe ya ndizi ambayo Myombekere anatakiwa kuipeleka kwa wakwe ili arudishiwe mkewe. Ndizi! Mgomba upo Kasulu, upo Buhigwe, upo nyuma ya nyumba nyingi hapa mjini. Magamba yake makavu hutoa utepe wenye rangi za asili kuanzia krimu hadi kahawia iliyokolea, na ukiyasuka kwa kupishanisha rangi hizo unapata jalada la daftari ambalo halihitaji rangi ya dukani hata kidogo. Yaloweshe kidogo kabla ya kusuka, maana yakiwa makavu yanavunjika. Ukishamaliza, kausha kivulini siku kadhaa kabla ya kufunga. Wakati wa masika usiweke kazi ya mgomba kwenye mfuko wa plastiki, itaota ukungu na harufu yake haitoki.

Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Adam Shafi pia, niliiwazia pochi ya sherehe. Kuna Fuad, bwana mwenye shamba na kasri, na kuna Kijakazi anayemtumikia. Zamani kaniki ilikuwa nguo ya watu wa kazi na ya watumwa katika pwani yetu, nayo hariri na joho vilikuwa vya mabwana. Basi nje ya pochi weka kaniki, ndani weka kitambaa cha kung'aa. Aliyeibeba anaonekana wa kawaida mpaka aifungue. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, anajulikana kwa kiko chake; kipande kidogo cha mninga kilichochongwa umbo la kiko kinatosha kuwa kishikizo cha mfuko wa miwani au cha daftari.

Msianze na vitabu vyote hivyo kwa pamoja. Chagua kimoja unachokipenda kweli, ukae nacho msimu mzima. Wanunuzi wa vitu hivi hapa Kigoma ni walimu, wauguzi, wastaafu waliosoma riwaya hizi shuleni, na wanafunzi wanaozisoma sasa. Watakuuliza. Mwalimu mstaafu akikuuliza nani alimshtaki Karama nawe ukababaika, hatanunua, tena ana haki. (Ni Majivuno.)

Sasa vitambaa. Sisi tuna bahati ya vitenge. Watu wanatoka mikoa mingine kuja kuvinunua hapa. Bahati hiyo ina hatari yake, kwa sababu soko limejaa vya kila daraja na macho ya mgeni hudanganyika. Geuza kitenge utazame nyuma. Waksi nzuri rangi yake inakaribia kuwa sawa pande zote mbili. Cha kuchapwa juu juu kinakuwa kimepauka mgongoni. Omba uzi mmoja kutoka pembeni, uuchome: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, nailoni na poliesta vinayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Kisha kifue kabla ya kukata, hata kama kinang'aa na kinavutia vile kilivyo. Ule ugumu wa dukani mara nyingi ni wanga, na pamba nyingi husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza. Ukishona pochi kwa kitenge ambacho hakijafuliwa, mteja akiifua bitana itabaki kubwa na nje itakuwa ndogo, nayo itajikunja kama jani la mgomba kwenye jua kali.

Huna haja ya kununua pisi nzima ya yadi 6 kwa kuanzia. Pita kwa mafundi wa nguo wa Mwanga na Ujiji, zungumza nao kwa heshima, wape chochote kwa mabaki yao. Hereni, bangili, vishikizo vya kuvalisha kitambaa na tepe za kuwekea alama ukurasani hutoka kwenye vipande ambavyo fundi angevifagia. Panga mabaki yako kwa rangi, usiyapange kwa ukubwa. Siku unapotafuta buluu ya ziwa wakati wa jua kali, hutaki kuchambua gunia zima.

Kuhusu mitindo, ushauri wangu ni kutazama watu kuliko kutazama picha za mbali. Keti karibu na ukumbi wa harusi siku ya Jumamosi. Utaona sare za kamati, ukubwa wa vilemba mwaka huu, kama wanawake wanabeba pochi ndogo za mkononi au mikoba ya mkanda. Mtindo wa kazi yako uufuate mkono na mwili wa mtu wa leo, na hadithi ikae kwenye kitambaa, rangi na kifungio. Mama aliyeshona sare anaweza kukuletea mabaki ya kitenge chake ukamtengenezea pochi inayoendana nayo. Kazi za namna hiyo ndizo zinazolipa bila kuchelewa, na unaweza kuziwekea kaniki ndani au bangili ya mjumbe mmoja bila kuharibu sare.

Mshono ndio unaoamua kama mteja atarudi. Pochi isiyo na gamu ndani, yaani kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, inalegea baada ya wiki chache. Bandika gamu kwa pasi yenye joto la kutosha, ukikandamiza pale pale bila kuburuta, kisha acha ipoe kabla ya kuinyanyua. Zipu jaribu mara kadhaa kabla ya kuishona, kwa sababu zipu mbovu inaua mkoba mzuri. Pembe zinazovutwa sana, pale mkanda unapokutana na mfuko, zishone umbo la mraba wenye msalaba katikati.

Kwa kushona madaftari kwa mkono, tafuteni nta ya nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na nta yake si shida kuipata. Mwombe mtu anayekuja kwa treni akuletee donge moja, litakutosha muda mrefu. Pitisha uzi wa pamba juu ya donge hilo mara mbili au tatu, kisha uvute katikati ya vidole ili joto liipenyeze nta. Uzi haujikunji fundo, hauchaniki haraka kwenye tundu la karatasi, na fundo la mwisho linashika. Toboa matundu kwanza kwa msumari mwembamba au shazia, karatasi zikiwa zimekunjwa na kubanwa pamoja. Usiilazimishe sindano itoboe yenyewe. Kazi ya jalada nadhani ndiyo bora zaidi kwa anayeanza, kwa sababu haihitaji cherehani na inakaa karibu na kitabu kuliko nyingine zote.

Bei ina wasiwasi mwingi kwa wageni wa kazi hii, ila hesabu yake ni fupi. Andika kila kitu: kitambaa, gamu, zipu, uzi, umeme au mkaa wa pasi, nauli ya Kibirizi. Ongeza saa zako kwa kiwango ambacho ungemlipa mtu mwingine akufanyie. Tuseme vifaa ni shilingi 7,000 na kazi ni saa 4 kwa shilingi 1,500 kila saa: hapo umefika 13,000, na bado hujaweka faida. Anayetaka akupe 8,000 mwonyeshe kitu kidogo chenye bei hiyo, usimkatie bei ya mkoba. Hereni na tepe za kurasani ziwepo mezani kila siku kwa ajili yake.

Jambo la mwisho ni haki ya mwandishi, na hili nalisema kwa uzito wote. Kutengeneza kitu kutokana na ulivyosoma ni kazi yako wewe. Kupiga picha jalada la riwaya na kulichapa kwenye mkoba ni kuchukua kazi ya mchoraji na mchapishaji. Kunakili aya nzima ya mwandishi aliye hai, au aliyefariki karibuni, na kuiuza ubavuni mwa pochi ni vilevile. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ndio wanaoisimamia. Ukihitaji maneno ya kitabu kwenye kazi yako, mwandikie mchapishaji; anwani yake imechapwa kwenye kurasa za mwanzo. Eleza unatengeneza nini, vingapi, na utauza bei gani. Wengine huchelewa kujibu, kwa hiyo andika mapema kabla ya msimu wa harusi na wa kufungua shule.

Ndani ya kila kazi shonea kipande kidogo cha kitambaa chenye jina la riwaya, jina la mwandishi na mwaka, pamoja na jina lako na namba ya simu. Tumia wino usiotoka kwa maji, na uujaribu kwanza kwenye kipande utakachokifua. Majibu ya wachapishaji yahifadhi kwenye faili moja na risiti za vitambaa, maana duka la vitabu au shule ikitaka kuagiza kwa wingi, karatasi hizo utaulizwa.