Usome jina la diski kabla ya kuandika chochote juu yake

Ukiwa umezoea Linux ya leo, halafu ukaketi mbele ya mashine ya Sun, HP au SGI ya miaka ya 1990, majina ya diski ndiyo yatakayokuchanganya kwanza. Unaitafuta sda, jina la diski ya kwanza kwenye Linux, huioni. Badala yake unakuta c0t3d0s0, dks0d1s0, rz3c au hdisk0. Kazi yangu kubwa kwenye mashine hizi imekuwa kuokoa data kabla diski hazijafa, na kila anayeanza namwambia jambo moja: usikariri majina. Jiulize kwanza kama jina lililo mbele yako linaeleza mahali diski ilipofungwa, au zamu yake ya kugunduliwa na mfumo.

Majina ya Solaris, mfumo wa uendeshaji wa Sun, nayapenda kuliko yote kwa sababu yanasomeka. Katika c0t3d0s0, c ni kidhibiti, t ni anwani ya diski kwenye SCSI (aina ya muunganisho wa diski), d ni diski iliyo ndani ya anwani hiyo, na s ni kipande cha diski. Ukiihamishia diski anwani nyingine, jina linabadilika. Ukiongeza diski ya pili pembeni, jina la ile ya kwanza linabaki vilevile. Kwenye kompyuta za PC zenye diski za IDE (muunganisho mwingine, wa bei nafuu kuliko SCSI), t haipo kabisa: utaona c0d0s0.

SunOS 4, iliyotangulia Solaris, inataka uangalifu zaidi. Kwenye SPARCstation nyingi za wakati ule, kerneli (kiini cha mfumo) ya kawaida iliipa diski ya anwani 3 jina la sd0, na ya anwani 0 ikaitwa sd3. Mtu akifungua kasha, akaona jampa (vipini vidogo vya kuweka anwani ya diski) zimewekwa kwenye 0, atadhani ameipata sd0, kumbe ameshika nyingine. Ndiyo maana nikichomoa diski humo, naandika juu yake anwani na jina, vyote viwili. DEC, kampuni nyingine ya kompyuta, nao walikuwa na hesabu yao kwa diski za rz: namba ya basi (njia ya SCSI inayobeba diski kadhaa) mara 8, ongeza anwani. Kwa hiyo rz11 iko basi 1, anwani 3.

AIX, mfumo wa IBM, iko upande wa pili. hdisk0 haikwambii lolote kuhusu waya. Ni namba iliyotolewa diski ilipogunduliwa na kuhifadhiwa. Tena usiichanganye na hd4, ambayo si diski bali ni eneo la mantiki (nafasi iliyogawiwa na mfumo wenyewe juu ya diski) lenye mfumo mkuu wa faili. Amri ya lspv itakuonyesha diski zenyewe. Kwenye HP-UX ya HP tumia ioscan, kwenye IRIX ya SGI hinv, na kwenye Solaris format, lakini ukishaona orodha toka bila kuchagua diski yoyote.

Mwisho wa jina nao una uzito wake. Kwa desturi ya BSD, familia ya Unix ambamo SunOS 4 na NetBSD zinatoka, a ni mfumo mkuu wa faili, b ni eneo la swap (nafasi ya kusaidia kumbukumbu ya RAM), na c ni diski nzima. Solaris iliiendeleza desturi hiyo kwa namba, hivyo s2 ndiyo diski nzima. IRIX huandika vol kwa diski nzima na vh kwa kichwa chake. NetBSD kwenye PC inatofautiana: diski nzima ni d, na c ni sehemu ya NetBSD peke yake. Ukinakili c ukidhani umebeba kila kitu, sehemu nyingine za diski zitabaki nyuma. Kwa hiyo soma lebo ya diski (orodha ya vipande vyake) kwanza, kwa disklabel au prtvtoc, ulinganishe ukubwa wa kila kipande.

Halafu kuna ile r. rsd0a na sd0a ni kipande kilekile, ila chenye r ni njia ghafi, isiyopitia akiba ya kerneli. newfs (ya kuunda mfumo wa faili) na fsck (ya kuukagua) hupewa njia ghafi, mount (ya kuupachika) hupewa ile nyingine. Kunakili diski kwa amri ya dd napendelea njia ghafi pia, kwa bloku kubwa.

Hapo kwenye dd ndipo ninapowasihi watu wasiwe na haraka. Ukiwa root (msimamizi mwenye ruhusa zote), ukakosea herufi moja ya jina baada ya of=, yaani mahali dd itakapoandika, huenda usipate onyo lolote. Kama jina hilo halipo, mfumo utaunda faili ya kawaida ndani ya /dev na kuijaza mpaka mfumo mkuu wa faili uishiwe nafasi. Piga ls -lL kwenye jina hilo kwanza. Herufi ya mwanzo ikiwa b au c, hicho ni kifaa. Ikiwa kistari, hiyo ni faili tu. Kwa kifaa, penye ukubwa wa faili utaona namba mbili zenye mkato katikati. Majina mawili ya aina moja, yote b au yote c, yakiwa na namba sawa, basi ni kifaa kimoja.

Diski ikihamia anwani mpya kwenye Solaris, fungua /etc/vfstab (orodha ya mifumo ya faili ya kupachika) kabla ya kuiwasha mashine tena. Kila mstari wa mfumo wa faili ulio kwenye diski una majina mawili, moja la /dev/dsk na lingine la /dev/rdsk. Rekebisha yote mawili, la sivyo fsck itakagua diski moja na mount itapachika nyingine.